Tabia binafsi za kobe wa kufugwa

Tabia binafsi za kobe wa kufugwa ni tofauti za mwenendo zinazoonekana kati ya kobe mmoja na mwingine wa spishi ileile, na ambazo hudumu kwa muda mrefu. Kobe ni reptilia wa familia Testudinidae katika oda Testudines. Huishi nchi kavu, tofauti na kasa ambao huishi baharini.

Wafugaji wengi husema kwamba kobe mmoja ni jasiri, mwingine mwoga, mwingine mchokozi. Kwa muda mrefu maneno hayo yalidhaniwa kuwa ya mapenzi tu, kwa sababu reptilia walihesabiwa kuwa wanyama wasio na akili nyingi. Utafiti wa karne ya 21 umeonyesha kwamba tofauti hizo zipo kweli na zinaweza kupimwa.

Maana na vipimo

Mwenendo wa siku moja hautoshi kuitwa tabia binafsi. Ni lazima mnyama yuleyule atende vivyo hivyo mara nyingi, kwa siku mbalimbali. Mambo yanayopimwa zaidi ni ujasiri, udadisi, ukali na uchangamfu.

Kipimo cha kawaida cha ujasiri ni rahisi. Kobe huguswa au kuinuliwa mpaka ajifiche ndani ya gamba, kisha huwekwa chini na kuhesabiwa muda anaochukua kutoa kichwa na kuanza kutembea. Udadisi hupimwa kwa kuweka kitu kigeni mbele yake na kuangalia kama atakikaribia. Kipimo hurudiwa saa ileile na katika joto lilelile. Kama kobe wa kwanza kutoa kichwa leo ni wa kwanza pia baada ya wiki na miezi kadhaa, tofauti hiyo haikutokea kwa bahati.

Sauti ya kufoka inayosikika kobe anapoguswa huwadanganya wengi. Mara nyingi si dalili ya hasira: kobe anapovuta kichwa na miguu ndani kwa ghafula, hewa husukumwa kutoka mapafuni na kutoa sauti hiyo.

Historia ya uchunguzi

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika habari za kobe mmoja kwa makini alikuwa Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne nchini Uingereza. Kobe huyo, aliyeitwa Timothy, alikuwa mali ya shangazi yake, na White alimrithi mwaka 1780. Aliona kwamba kobe alimtambua bibi aliyezoea kumlisha na kumfuata, lakini hakuwajali wageni. Aliona pia kwamba mwanzoni mwa kiangazi kobe alihangaika na kutafuta njia ya kutoka bustanini. Habari hizo zimo katika kitabu chake juu ya viumbe vya Selborne kilichotolewa mwaka 1789. Baada ya kufa kwake Timothy alitambuliwa kuwa jike, na gamba lake limehifadhiwa katika makumbusho mjini London.

Utafiti wa kisasa

Mwaka 2010 kundi la watafiti akiwemo Anna Wilkinson lilichunguza kobe wenye miguu myekundu (Chelonoidis carbonarius) wa Amerika Kusini. Chakula kiliwekwa nyuma ya uzio ambao kobe alipaswa kuuzunguka. Kobe waliomwona mwenzao akifanya hivyo walijifunza njia, lakini wale ambao hawakuonyeshwa hawakufaulu.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu kobe wa Hermann wanaofugwa. Ulionyesha kwamba madume wenye rangi nyeusi zaidi kwenye gamba walikuwa wakali zaidi kwa madume wenzao na hawakuwaogopa watu sana, kuliko madume wenye rangi nyepesi. Tofauti hiyo haikutokana na ukubwa wa mwili wala joto la siku.

Kobe wakubwa katika bustani ya wanyama ya Vienna, Austria, walifundishwa kutambua mpira wa rangi fulani. Walipojaribiwa tena baada ya miaka 9, walikuwa bado wanalikumbuka zoezi hilo. Kwa hiyo kobe aliyetendewa vibaya au vizuri anaweza kubeba mafunzo yake kwa miaka mingi.

Sababu za tofauti

Tofauti hutokana na urithi, jinsia, umri, malezi na mazoea. Madume huwa wagomvi zaidi wakati wa kutafuta majike. Husukumana kwa magamba, huumana miguu na hujaribu kupinduana. Kobe aliyezoea kulishwa kwa mkono huja mbio anapomwona mtu, lakini kobe aliyekamatwa porini anaweza kubaki mwoga maisha yake yote.

Joto nalo lina nguvu kubwa. Mwili wa kobe hautengenezi joto la kutosha wenyewe, bali hulipata kutoka jua na ardhi. Kobe yuleyule huonekana mzembe asubuhi ya baridi na mchangamfu baada ya kuota jua.

Upole au ugonjwa?

Kosa kubwa la wafugaji ni kuita ugonjwa kwa jina la tabia. Kobe huficha udhaifu wake, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kutulia tu. Mwenyewe husema “huyu ni mpole siku zote”, na anapoanza kushtuka mnyama ameshadhoofika sana.

Linalotazamwa ni mabadiliko. Kobe aliyekuwa mwoga tangu mwanzo lakini anakula vizuri na uzito wake haupungui, huenda ni mwoga tu. Kobe aliyekuwa mchangamfu kisha akaacha kula, akafumba macho mchana, akatoa kamasi puani au akapumua kwa mdomo wazi, anahitaji daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kumpima uzito kila mwezi na kuandika matokeo ni njia rahisi ya kutofautisha hali hizo mbili.

Kobe wawili wanaofugwa pamoja huhitaji uangalizi zaidi. Aliye jasiri anaweza kuzuia chakula, kivuli na mahali pa kuota jua bila ugomvi wowote kuonekana, na yule mwoga akakonda polepole. Dawa yake ni kuweka chakula mahali zaidi ya pamoja, kujenga maficho kadhaa, au kuwatenganisha kabisa.

Katika Afrika ya Mashariki

Kwenye kisiwa cha Changuu karibu na mji wa Zanzibar kuna kobe wakubwa wa Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wageni huonywa kwamba si kila kobe anapenda kuguswa.

Huko Mombasa, katika hifadhi ya Haller Park, kobe mkubwa aliyeitwa Mzee alijulikana duniani kote kwa urafiki wake na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mwanzoni Mzee alimkimbia na kumfokea. Baadaye alimzoea, wakala na kulala pamoja. Kisa hicho ni cha kobe mmoja, wala hakionyeshi kwamba kobe wengine wangefanya hivyo.

Katika mazungumzo ya Kiswahili husemwa kwamba ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Msemo huo humpa mnyama huyu mtulivu akili iliyofichika.

Kobe wa porini wa Kenya na Tanzania wanalindwa na sheria za wanyamapori, na kuwafuga kunahitaji kibali. Kobe bapa anayejificha kwenye nyufa za miamba (Malacochersus tornieri) amo hatarini sana kutoweka, sababu mojawapo ikiwa kukamatwa kwa ajili ya kuuzwa kama mnyama wa nyumbani.