Je, Wajua? Karani wa Posta wa Boyoma Alipolala Washington

Hapa Kisangani, yaani Boyoma, jina la Patrice Lumumba halihitaji kutambulishwa. Alifanya kazi ya posta katika mji huu na kule Yangambi. Safari yake ya Marekani ya Julai 1960 ni habari nyingine: kila upande umebaki na kipande chake. Hivi ni vile vinavyonifanya nimsimamishe mtu njiani nimsimulie.

Nchi haikuwa imetimiza arobaini

Lumumba alipoondoka Kinshasa, wakati ule Léopoldville, tarehe 22 Julai 1960, Kongo huru ilikuwa na umri wa siku 22. Mtoto wa umri huo bado anafichwa ndani asipigwe na upepo! Na huyu alikuwa amekwisha kupata dhoruba mbili: askari waliasi tarehe 5, Katanga ikajitenga tarehe 11. Ndiyo maana waziri mkuu wa miaka 35 aliamua kwenda mwenyewe kubisha hodi.

Moscow hakufika, Washington alilala

Chuo kikuu kinachojulikana kwa jina lake kiko Moscow: kilipewa jina hilo Februari 1961, likaondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Lakini Lumumba mwenyewe hakuwahi kukanyaga Moscow. Waliompa kitanda ni Wamarekani. Tarehe 27 Julai alipokewa Washington na kupangiwa Blair House, nyumba ya wageni wa rais, ng'ambo ya barabara kutoka Ikulu ya Marekani. Ubelgiji ilichukizwa sana. Mwaka mmoja tu nyuma, Washington ilikuwa imemkaribisha Mfalme Baudouin, na sasa heshima ileile ilimwendea mtu aliyekuwa akipanga barua za Stanleyville, Kisangani ya leo.

Mwekezaji wa kwanza alikuwa Mmarekani

Kabla ya kupanda ndege, Lumumba alitia saini makubaliano na mfanyabiashara wa Marekani, Edgar Detwiler, ya kuendeleza utajiri wa Kongo kwa miaka 50. Hayakutekelezwa. Hata hivyo yanashangaza, kwa mtu ambaye wiki chache baadaye alibandikwa jina la mkomunisti na halikumtoka tena.

Jibu lilikuwa moja: nenda Umoja wa Mataifa

Rais Eisenhower hakuonana naye. Aliyezungumza naye ni waziri wa mambo ya nje, Christian Herter. Lumumba aliomba majeshi ya Ubelgiji yaondoke, akaomba msaada wa fedha, mafundi, hata ndege ya kumzungusha katika nchi inayokaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi. Akaambiwa yote yapitie Umoja wa Mataifa. Ottawa alipokewa na waziri mkuu wa Kanada, Diefenbaker, na huko nako alisikia hayohayo.

Mazungumzo yaleyale, kumbukumbu mbili

Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilichunguza njama za mauaji. Douglas Dillon, aliyekuwa naibu wa Herter, alikumbuka mgeni ambaye kwake hakuonekana kuwa na akili timamu. Ukiyapanga maombi ya mgeni huyo kwenye karatasi, unaona orodha ya mkuu yeyote wa serikali ambaye nyumba yake inaungua. Mimi naiamini zaidi karatasi. Kamati hiyohiyo ilisikia ushahidi kwamba katika kikao cha tarehe 18 Agosti 1960, wiki tatu tu baada ya kitanda cha Blair House, mwandishi wa kumbukumbu alielewa maneno ya Eisenhower kuwa ni amri ya kumuua. Wengine waliokuwepo hawakuyaelewa hivyo. Sumu ilipelekwa Léopoldville, haikutumika.

Simi-Simi, mwezi mmoja baadaye

Tarehe 27 Agosti 1960 ndege kubwa ya Jeshi la Anga la Marekani, Globemaster, ilitua hapa kwetu kwenye uwanja wa zamani wa Simi-Simi kwa kazi ya Umoja wa Mataifa. Siku hiyohiyo Lumumba alikuwa anasubiriwa. Uvumi ulitembea haraka kuliko baiskeli ya toleka kwenye mteremko: hao ni askari wa miamvuli wa Ubelgiji! Wanahewa wa Marekani na Wakanada waliokuwa nao wakapigwa vibaya. Sura ya Kongo iliyobaki kwa familia zao ni hiyo, na hakuna haja ya kuificha.

Jina moja, majeraha tofauti

Kwa wengi wa Kisangani yeye ni wa kwetu. Kasai wapo wanaoanza na jambo jingine: Agosti 1960, raia waliouawa Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, na askari wa serikali yake. Na aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966 ni Mobutu, yuleyule aliyeshika madaraka Septemba 1960 na kumfungia nyumbani. Mwaka huohuo wa 1966 Stanleyville ikawa Kisangani.

Historia iliyosimuliwa kwa Kiswahili

Miaka ya 1970 huko Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha takriban 100, Lumumba akiwa moyo wake, na akamweleza mtafiti Johannes Fabian picha hizo kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati ule. Maelezo hayo yakawa kitabu mwaka 1996.

Safari iliyochukua miaka 61

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 Lumumba alitoroka kifungo cha nyumbani akielekea hapa, ambako wafuasi wake walikuwa wanamngoja. Alikamatwa penye mto Sankuru, na Januari 1961 akauawa Katanga. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia kisanduku kidogo cha buluu. Ndani mlikuwa na jino moja la Lumumba. Liliwekwa katika jeneza la ukubwa wa kawaida, likafunikwa bendera, likapelekwa kwanza kwao Sankuru. Kutoka Sankuru likaletwa Kisangani, na watu wakajipanga barabarani kumpokea.