Nyumba ya Ningu

Miongoni mwa samaki waliozoea kuupanda mto Sondu-Miriu wakati wa masika ili wakatage mayai, ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, amepatwa na masaibu makubwa, kwa kuwa nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito zilimnasa akiwa na mayai tumboni, hata leo amehesabiwa katika samaki waliokaribia kutoweka. Ndiyo sababu kazi ya kumzalisha, iliyoshughulikiwa katika kituo cha Sangoro cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ni kazi adhimu. Na yeyote anayeazimia kujenga maabara ya samaki wa namna hii hana budi kuyatafakari maji kabla ya kuta.

Samaki huvuta pumzi katika maji yale yale anayoyachafua. Amonia itokayo katika matamvua yake ni sumu, na huondolewa na bakteria waishio ndani ya chujio, ambao huigeuza kuwa naitraiti, iliyo sumu vilevile, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Na maadamu bakteria hao huchukua majuma kadhaa kustawi, chujio litangulie, samaki wafuate. Maji ya mto yajapo na tope la mvua yatulizwe kwanza katika birika, ya bomba yaondolewe klorini, na mabomba yawe ya plastiki, kwani shaba huwadhuru samaki.

Aidha, Ziwa Victoria, ambamo mto Sondu-Miriu humwaga maji yake, liko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yenye joto, tena mahali pa juu, hushika oksijeni kidogo. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku, matangi yaliyojaa samaki yaweza kuangamia kabla ya alfajiri. Wala sioni udhuru wa kujenga maabara pasipo jenereta au betri za kuendesha mashine ya kupuliza hewa, ijapokuwa mitambo ya umeme yenyewe imejengwa juu ya mto huu huu.

Sakafu ihimili uzito, maana tangi la lita 1,000 hubeba tani nzima ya maji; soketi ziwe juu, matangi yafunikwe, kwani ningu huruka.

Lakini jambo lisilostahili kupuuzwa kabisa ni chumba cha karantini, chenye maji yake, nyavu zake na mlango wake, ambamo samaki wageni hukaa mpaka ithibati ya afya yao ipatikane. Na ningu wa Sondu wasichanganywe ovyo na wa mto Nzoia, maana nasaba ikishavurugika haitenganishwi tena. Basi nawasihi wafadhili na wahandisi: msinunue tangi hata moja kabla ya kuonyeshwa ramani ya maji, yaingiapo na yatokapo, na mahali pa karantini.