Mapera wa Buganda

Waganda walimwita Mapera, kwa kuwa ndivyo masikio yao yalivyolipokea neno la Kifaransa la kumwita padre, "mon père", yaani baba yangu. Na ijapokuwa mtu wa pwani akilisikia jina hilo hukumbuka tunda, huko Buganda lilikuwa jina la heshima. Yeye ndiye Siméon Lourdel, aliyezaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini ya Ufaransa, akawa padre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoasisiwa na Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, huko huko mwaka 1868, ambao vazi lao lilikuwa kanzu nyeupe na burnusi kwa desturi ya Waarabu wa Maghribi, na rozari shingoni.

Mwaka 1878 alishuka Unguja, akavuka bara, akasafiri na wapagazi hata Kageyi, kusini ya Ziwa Nyanza. Na kutoka hapo yeye na Bruda Amans, mwenzake wa shirika, wakapanda mtumbwi, wakafika Kigungu, huko Buganda, tarehe 17 Februari 1879. Lugha iliyomfungulia mlango wa kasri ya Mutesa, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, ilikuwa Kiswahili, ambacho wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukifikisha huko kabla yake.

Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba asibatizwe mtu ila baada ya kufundishwa miaka minne, na agizo hilo lilikuwa la busara wakati wa salama. Lakini Mutesa alipofariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga kushika ufalme, salama ilipungua siku hata siku. Kabaka huyu kijana alisikia habari za Wadachi kuingia pwani, akahofia nchi yake. Tena vijana wa kasri waliokuwa wakisoma dini walikataa kumridhia katika matakwa yake machafu, naye akaona kwamba wana bwana mwingine wanayemtii kuliko yeye. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na cheo kikubwa kasrini, alithubutu kumlaumu kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Ikatokea kwamba Kabaka akaugua baada ya kutumia dawa aliyopewa na Lourdel mwenyewe, maradhi yale yakageuzwa hoja, na tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa. Fikiri, msomaji, jinsi tabibu yule alivyolala usiku ule.

Mwezi wa Mei 1886 dhuluma ikapamba moto. Lourdel aliposikia, alikwenda mbio Munyonyo, akasimama nje ya ua wa Kabaka, na mbele ya macho yake wakapitishwa wanafunzi wake wamefungwa kamba, na miongoni mwao Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi, akicheka. Hakuruhusiwa kusema nao. Aliinua mkono kuwapa maondoleo ya dhambi, na James Buzabaliawo akainua mikono yake iliyofungwa, akamwonyesha mbinguni. Padre akaegemea ua asije akaanguka. Mimi sioni katika maisha yake yote saa iliyokuwa nzito kuliko hiyo, kwa sababu yeye aliyewafundisha hakuguswa, maana Kabaka aliogopa kisasi cha Wazungu, na waliokwenda kufa ni wale waliomwita baba. Tarehe 3 Juni, huko Namugongo, Charles Lwanga, mmoja wa wale waliofungwa, na wenzake, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto. Wakatoliki 22 waliouawa katika dhuluma ile walitangazwa watakatifu mwaka 1964.

Mwaka 1888 ikapinduliwa enzi ya Mwanga, na baadaye wamisionari wa madhehebu yote mawili wakanyang'anywa mali, wakafukuzwa katika mashua moja, ambayo kiboko aliipindua ziwani. Waliookoka wakafika kusini ya ziwa. Na mwaka 1889 akaja huko huko kusini, Bukumbi, kwenye mlango wa mapadre, mkimbizi asiye na taji wala jeshi, naye ni Mwanga. Wakampokea, wakampa chakula na mahali pa kulala.

Lourdel akarudi Buganda mwaka ule ule, akafa huko tarehe 12 Mei 1890, umri wake miaka 36.