Pambo la Nyumba: Mapazia, Nguo na Vyombo vya Kale

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki aliacha katika chumba cha ndani kasha moja la msaji lenye misumari ya shaba, kitanda cha samadari kilichovunjika mguu, viti viwili vya henzirani vilivyotoboka, na kanga nyingi zilizokunjwa ambazo hazikupata kuvaliwa. Hata mwezi haujatimia, akabisha hodi mtu mwenye kununua vitu vya kale. Alilitazama kasha ndani na nje, akavuta droo zake za siri kana kwamba ndiye aliyezitengeneza, akataja thamani. Wifi yangu aliona hiyo ni riziki iliyojileta mlangoni. Bintiye alikuwa karibu kuolewa, naye alitaka sebule ipate makochi mapya na mapazia mazito ya mahameli, kama yale ayaonayo katika picha.

Sikusudii kumlaumu wifi yangu, kwani hamu ya kuipendezesha nyumba siku ya furaha si aibu. Lakini yalikuwapo mambo mawili ambayo hayakutazamwa, nami nayataja hapa kwa kuwa najua nyumba nyingi zimo katika hali hiyo hiyo.

La kwanza ni kwamba kasha lile halikuwa la yeyote miongoni mwetu kuliuza peke yake. Mtu akishafariki, kijiko chake na sufuria yake ni mirathi kama vile shamba lake. Sisi tulikuwa ndugu wanne, kaka yetu mmoja na wanawake watatu, na baba alikwisha tangulia. Basi mali baada ya deni na wasia ikawa mafungu matano, mawili ya kaka na moja moja letu. Tulimwita fundi seremala mzee na mfanya biashara mwingine asiyekuwa yule wa kwanza, kila mmoja akathamini kwa upande wake. Thamani ya kwanza ilidhihirika kuwa ndogo mno. Dada yetu mkubwa akalichukua kasha, likahesabiwa katika fungu lake. Samadari na viti nikachukua mimi kwa thamani ya mbao. Na kanga tukazigawana. Ndipo ikawa halali kwetu kushika mkasi na msumeno.

La pili ni upana wa chumba. Nyumba yetu iko Mombasa, katika Mji wa Kale, nayo ni nyumba ya mawe yenye dari ya boriti. Wajenzi wa zamani hawakuchagua upana wa chumba kwa kupenda. Boriti ya mkoko ndiyo iliyowapimia. Kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, aghalabu havipiti mita 3 kwa upana, iwe Mombasa, Lamu au Unguja. Sebule yetu ina sentimita 270. Kochi la siku hizi lina kina cha sentimita 90 hivi. Weka mawili yanayoelekeana, utabakiwa na sentimita 90 za kupitisha wageni, sinia na watoto. Nilimchorea wifi yangu kwa chaki sakafuni. Akasimama katikati ya ile michoro, akatazama huku na huku, asiseme neno.

Watu waliozijenga nyumba hizi hawakuwa wajinga wa mapambo. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 utaona ukuta wa ndani umejaa zidaka zilizochongwa katika chokaa, zikiwekwa vyombo vya kaure. Chumba kilipambwa ukutani, wala hakikujazwa sakafuni, nao watu walikaa juu ya mikeka na mazulia. Anayeishi katika chumba chembamba hata leo atafaidika kwa mpango huo: viti vichache visivyo na kina kirefu, vikipangwa upande mmoja, na mito ya kuegemea.

Sasa tuje katika mapazia. Pazia katika nyumba ya Kiislamu si pambo tu, ni sitara. Tumeamrishwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na dirisha lililo wazi linaloelekea njia humwingiza ndani kwa macho mtu asiyebisha hodi. Hata hivyo yafaa tukumbuke kisa kilichopokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye sura za viumbe, na Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini alichukizwa nalo, likaondolewa. Bibi Aisha hakukitupa kitambaa. Alikikata akafanya mto mmoja, au miwili. Wanazuoni wametoa katika kisa hiki hukumu ya picha zinazotundikwa kwa kutukuzwa na zile zinazokaliwa. Mimi, mbali na hukumu hiyo, hukiona kila mara kama darsa ya mama wa nyumba: pazia lililokosa mahali pake dirishani lilipata kazi nyingine siku ile ile.

Iko riwaya nyingine kwamba Mtume (S.A.W.) aliomba pazia la rangi na picha liondolewe mbele yake kwa kuwa lilimshughulisha katika sala. Basi ukiwa na kitambaa chenye maua makubwa makubwa, usikitundike upande wa kibla katika chumba mnachosalia. Kipeleke upande mwingine, na huko weka nguo ya rangi moja. Na imepokewa pia kwa Muslim makatazo ya kuvika mawe na udongo, ambayo wengi wa wanazuoni wa Kishafi wameyachukua kuwa ni karaha wala si haramu. Kufunika ukuta mzima kwa mahameli, ilhali hauna dirisha la kusitiri, ni matumizi yasiyo na haja.

Mahameli yenyewe hayafai pwani. Tuko karibu na mstari wa ikweta, jua la adhuhuri liko utosini na halipenyi sana dirishani; linaloumiza ni la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi, kwani huingia likiwa chini. Dawa yake kubwa ni ile milango ya dirisha ya vibao vinavyopishana, ambayo babu zetu waliiweka nje. Joto huzuiwa kabla halijaingia, na upepo hupita baina ya vibao. Pazia la ndani ya kioo hulipokea joto likiwa limekwisha kuingia. Basi aliyebahatika kuwa na vibao hivyo asiving'oe ili atie vioo vitupu. Avitengeneze, kisha ndani atundike nguo nyepesi itakayopepea, kaskazi ikivuma na kusi ikivuma.

Na nguo nyepesi tunayo tangu zamani. Inasimuliwa kuwa kanga yenyewe ilianza kwa werevu wa wanawake wa pwani katika karne ya 19, walipokuwa wakinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Ndiyo sababu Mombasa tunaiita leso mpaka leo. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Dirisha letu lina upana wa mita 1 na urefu wa sentimita 120. Nguo ya pazia hutakiwa iwe na upana wa mara moja na nusu hata mara mbili ya dirisha, ili ijikunje vizuri na isionyeshe ndani. Basi doti moja inatosha dirisha zima: kila kanga huning'inizwa kwa urefu wake, zikawa mbili upande kwa upande, na baada ya kushona upindo juu na chini hubaki sentimita 140 za kuning'inia. Ila maandishi yatasimama wima kando.

Ukitaka jina lisomeke, tundika kanga moja kwa ubapa wake. Utapata pazia fupi la kiasi cha mita 1, ambalo hukaa sehemu ya chini ya dirisha na kuacha juu wazi. Hili ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu mpita njia haoni kitu, na hewa ya moto iliyopanda darini hupata pa kutokea. Lakini angalia jina kabla ya kutundika! Yako majina ya kanga yaliyotungwa kwa ajili ya mke mwenza na jirani, na ukiyaelekeza dirishani utaanzisha vita usivyovitaka.

Kabla ya kukata, loweka nguo mpya na uifue peke yake, ipungue na itoe rangi yake ya ziada. Dirisha likipigwa na jua, shonea nyuma marekani nyeupe. Huulinda mji wa kanga usichujuke, na hurudisha nje sehemu ya mwangaza. Vipande vinavyobaki ni vya foronya za mito, na mto uliojazwa sufi ni mwepesi na hukaushwa upesi juani.

Nikirudi katika vyombo, kazi ya kwanza ni kuchunguza mbao. Ukiona vitundu vyenye unga mpya chini yake, wadudu wangali hai. Usikiingize chombo hicho ndani kabla fundi hajakitibu, wasije wakahamia kwenye boriti. Rangi ya zamani iliyopasuka nayo ni ya kuogopwa, kwani rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Isiparuzwe kavu. Ilowanishwe, ifanyiwe kazi nje, na taka zake zikusanywe. Nawaambia haya khasa wanaonunua mbao za majahazi yaliyovunjwa, ambazo Lamu na Unguja hufanywa meza na vitanda vizuri sana.

Kasha la mama halikuhitaji rangi. Tuliosha vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, tukapaka nta, na misumari ya shaba tukaisugua kwa ndimu na chumvi, tukaifuta mara ile ile kwa maji kisha kwa kitambaa kikavu. Dada yangu aliliweka chini ya dirisha, likawa kikalio juu na hifadhi ya mashuka ndani. Komeo tuliling'oa, kwa kuwa watoto hujificha mle ndani, na kasha zito likijifunga halina hewa.

Samadari ilinipa taabu zaidi. Mguu uliovunjika haukuungika, basi seremala alichukua mbao mbili za ubavuni na ule ubao wa kichwani wenye nakshi, akatengeneza benchi refu lenye kina cha sentimita 50 tu, likaenea ubavu mzima wa sebule. Viti vya henzirani vilitiwa ubao mahali palipotoboka, na juu yake mito ya sufi.

Siku ya arusi wanawake kumi na mmoja walikaa kwenye benchi lile, nami niliwahesabu. Wifi yangu alikuwa miongoni mwao. Wiki iliyofuata alikuja kuniuliza vipimo vya pazia fupi, akataka nimfuate dukani tukachague kanga. Tulikaa huko mpaka karibu na magharibi. Rangi alizipata mapema, ila majina aliyarudisha yote mmoja mmoja, kwani dirisha lake linaelekeana na la mama mkwe wa binti yake.