Mchezo Unaongoja Zamu Yako



Wazazi wengi katika jumuiya yetu wakisikia neno “gemu” hukunja uso, na sababu wanazo. Mtoto hujifungia chumbani, akiitwa kula haitiki, na saa ya sala humpita macho yakiwa kwenye kioo. Lakini michezo hii si jamii moja. Iko inayotaka wepesi wa vidole, na iko inayotaka subira ya akili. Hii ya pili huchezwa kwa zamu: unafikiri, unatenda, kisha unamwachia mwenzako. Sisi watu wa pwani tumeijua siku nyingi kupitia bao, na Waajemi na Waarabu kupitia sataranji. Katika kompyuta, ulio mashuhuri zaidi ni Civilization wa Sid Meier, uliotoka mwaka 1991, ambao kuumaliza huchukua saa nyingi mno kwa mtu wa umri wangu.

Niliojaribu mimi ni mdogo wake: The Battle of Polytopia, uliotolewa na kampuni ya Midjiwan ya Uswidi mwaka 2016. Mjukuu wangu wa miaka 11 ndiye aliyenifundisha, nami nilimwekea sharti moja, kwamba maelezo yote yawe kwa Kiswahili.

Unaanza na mji mmoja na askari mmoja, na pande zote zimefunikwa na mawingu. Ramani iliyo ndogo kabisa ina miraba 121, yaani 11 kwa 11. Askari akisogea, mawingu hufunguka, na pengine huonekana kijiji kisicho na mwenyewe. Akikifikia hakipati papo hapo. Hungoja hadi zamu ifuatayo ndipo kiwe chake, na katika kungoja huko adui huweza kumwahi. Kila mji hukulipa nyota kila zamu, na nyota ndiyo fedha ya huko: hununua askari, hulipia mavuno ya matunda, na hununua elimu, kama ya uwindaji, uvuvi au upandaji farasi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mtungaji wake amefikiri. Kila unapoongeza mji, elimu hupanda bei. Elimu ya ngazi ya kwanza ni nyota 5 ukiwa na mji mmoja, lakini ukiwa na miji 5 inakuwa nyota 9. Mwenye pupa ya kuteka hujikuta na nchi pana isiyojua kitu. Nimesomesha historia miaka mingi, na sikuwahi kupata njia nyepesi kama hiyo ya kumweleza mtoto gharama ya dola.

Vitani hakuna dadu. Askari wawili wa aina moja, wazima wote, wakipigana uwanjani matokeo ni yale yale leo na kesho, kama mchezaji wa bao anavyoweza kuhesabu kete zake zitaishia shimo gani. Anayeshindwa hana wa kumlaumu. Wala hakuna kuwekeana fedha.

Yanayostahili lawama yapo. Katika simu, mchezo hutolewa bure pamoja na makabila manne, nayo ni Xin-xi, Imperius, Bardur na Oumaji. Mengine hununuliwa kwa fedha halisi, na mtoto huyaona kila anapochagua. Funga ununuzi kwa neno la siri kabla hujamkabidhi simu. Isitoshe, iko namna moja ya kuucheza ambayo lengo lake ni kuyafuta makabila mengine yote, nami siipendi. Mwaka 2022 waliongeza ubalozi na mkataba wa amani, jambo lililopasa kuwamo tangu mwanzo. Sisi huchagua namna ambayo huhesabiwa alama, na anayejenga vizuri huweza kumshinda anayepigana sana.

Watu kadhaa huweza kucheza kwa simu moja, wakipokezana mkononi. Jambo hili kwangu lina uzito kuliko nyota zote. Nyumba zetu za ugenini zimejaa vioo, kila mtu na chake, na lugha yetu hufa kimyakimya katikati ya vioo hivyo. Mjukuu huyu alizoea kunijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza. Sasa ilimlazimu aeleze. Alihangaika na “kile kitu cha kuzuia” mpaka nikampa neno ngome. Akapata mpaka, mateka, mjumbe, makao makuu. Wiki ya tatu akaniambia, “Babu, usimtoe askari wako mjini, nitakuzingira.” Neno kuzingira sikumfundisha mimi, alilisikia kwa mama yake, akalihifadhi.

Na kwa kuwa mchezo ni wa zamu, hauna haraka. Ukifika wakati wa sala tunaiweka simu mezani, tukirudi kila askari yuko pale pale tulipomwacha.

Siku hizi tunacheza kila Jumamosi baada ya isha. Yeye hupenda Oumaji, watu wa jangwani wanaoanza na elimu ya kupanda farasi. Mimi huchukua Imperius. Dada yake wa miaka 8, aliyekuwa akitutazama tu, ameomba kuingia na kabila la tatu. Amechagua Bardur, wawindaji wa nchi ya theluji, na tayari anadai kwamba zamu zangu ni ndefu mno.