Mfalme, Wali na Waasi wa Maporomoko ya Kisangani

Katika masomo ya historia, wanafunzi wa seminari hukutana na wafalme wa Uingereza wa mwisho wa Karne za Kati. Huona uasi mmoja nyuma ya mwingine: wakulima mwaka wa 1381, wakubwa wa kaskazini mwaka wa 1403, askofu mkuu wa York mwaka wa 1405, watu wa Kent mwaka wa 1450, kisha vita ya jamaa mbili za kifalme hata 1485. Wengine huuliza: mambo hayo yatufaa nini sisi watu wa Kongo? Tunajibu ya kwamba yanatusaidia kufahamu jambo lililotokea hapa kwetu, penye maporomoko, pale Wagenia wanapotega samaki hata leo. Maana hapa pia palikuwa na mfalme, palikuwa na mtu aliyepewa nchi kwa jina la mfalme, na palikuwa na uasi.

Swali letu ni hili: kwa sababu gani mtu aliyepokea cheo kwa mfalme anageuka na kupigana naye? Juu ya vita ya Waarabu vitabu vya zamani vilijibu upesi: Waarabu walikuwa wauza watumwa, mfalme Leopold wa Pili alitaka kuwafungua watumwa, basi vita ikatokea. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Katekista anayelirudia hivyo tu huwapa watu nusu ya habari.

Tuanze na mambo yenyewe. Stanley alipita hapa mara ya kwanza mwanzo wa mwaka wa 1877. Akarudi Desemba 1883, akaweka kituo kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Lakini watu wa Tippu Tip walikuwa wamekwisha kushika nchi, na biashara yao ya pembe na watumwa ilifuata njia ya Nyangwe na Kasongo hata Unguja. (Tuseme hapa ya kuwa neno « Waarabu » lisitudanganye. Wengi wao walikuwa Wangwana, watu wa pwani na wa Manyema, na Kiswahili tunachoandika katika karatasi hii kilifika mtoni pamoja nao.) Mwaka wa 1885 Leopold akatangazwa kuwa mfalme wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, mwanamke mmoja mtumwa alimkimbia bwana wake, akajificha kituoni. Mkubwa wa kituo, Deane, alikataa kumrudisha. Wakapigana siku chache, baruti ikaisha, kituo kikachomwa moto. Deane akaponyoka kwa taabu. Mwenzake Dubois akafa maji.

Mtu angefikiri ya kuwa mfalme ataleta askari kulipiza. Hakuwa nao wa kutosha. Badala yake, tarehe 24 Februari 1887, kule Unguja, Stanley alifanya mapatano na Tippu Tip kwa jina la Leopold: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Kazi yake ni kupandisha bendera ya Dola, kuzuia biashara ya watumwa tangu maporomoko na kushuka mto, na kumpokea ofisa mmoja Mzungu akae naye. Biashara yake ya haki aliachiwa. Watu wengi wa Ulaya walishangaa sana, maana walimjua Tippu Tip kuwa bwana wa watumwa wengi.

Hapo ndipo Uingereza inatufundisha kitu. Mwaka wa 1399 Henry wa Nne alipata kiti cha ufalme kwa msaada wa jamaa ya Percy, wakubwa wa kaskazini. Mpaka wa kuelekea Scotland ulikuwa mbali na London. Mfalme hakuweza kuulinda mwenyewe, basi akawaachia hao. Walikuwa na askari wao, ngome zao, na watu waliowatii kuliko walivyomtii mfalme. Mwaka wa 1402 wakawashinda Waskoti, wakakamata wakubwa wengi. Kwa desturi ya zamani zile, aliyekamata mateka mkubwa alipata mali nyingi kwa kumkomboa. Mfalme akadai mateka hao wapelekwe kwake, naye bado alikuwa na deni kubwa la mishahara ya kulinda mpaka. Mwaka uliofuata Percy kijana, aliyeitwa Hotspur, akashika silaha, akafa vitani Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403. Kwa maneno mafupi: mfalme aliwapa cheo, kisha akataka kuwanyang'anya faida ya cheo.

Turudi mtoni. Faida ya wali wetu ilikuwa pembe za tembo. Tippu Tip alikuwa mtu mwenye akili sana. Alifahamu ya kuwa Wazungu wana nguvu, akajaribu kuwazuia watu wake wasianze vita. Lakini mwaka wa 1890 aliondoka kwenda Unguja, kwa sababu Stanley alimshitaki huko, wala hakurudi tena Kongo. Rashid, mtoto wa ndugu yake, akabaki kuwa wali hapa. Sefu, mwana wake, akawa Kasongo. Tarehe 21 Septemba 1891 Leopold akatoa amri ya siri: katika nchi za Aruwimi, Uele na Ubangi, pembe na mpira viwe mali ya Dola. Msafara wa Van Kerckhoven ukapita Uele ukiwapiga watu wa Waarabu na kuchukua pembe zao. Basi wakubwa wa Kasongo wakaona ya kuwa bendera waliyoipandisha wenyewe inakula chakula chao.

Mwezi wa Mei 1892 mfanya biashara Hodister akauawa pamoja na wenzake. Mwisho wa mwaka huo vita ikawaka. Ngongo Lutete, aliyekuwa chini ya Sefu, alikuwa amekwisha kupatana na Dhanis, ofisa wa Dola; Sefu akadai arudishiwe mtu wake, akakataliwa, akavuka Lomami. Lippens na De Bruyne, maofisa wawili waliokaa Kasongo, wakauawa. Dhanis aliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili. Hapa maporomokoni Rashid alimshambulia Tobback mwezi wa Mei. Tobback alishikilia kituo siku chache, hata Chaltin akafika kwa masua tarehe 18 Mei, na Rashid akakimbia. Mwanzo wa 1894 Rumaliza naye akafukuzwa, vita ikaisha.

Je, watumwa walifunguliwa? Misafara mikubwa ya minyororo ilikoma, na hilo ni jambo kubwa, hatupendi kulipunguza. Kardinali Lavigerie alilia sana kwa ajili yake mwaka wa 1888, naye alisema kwa moyo safi. Lakini wengi wa wale waliofunguliwa waliandikwa kuwa askari au watu wa kazi wa Dola bila kuulizwa mapenzi yao, na baadaye mpira ulidaiwa vijijini kwa bunduki na kwa fimbo. Yule mwanamke wa mwaka wa 1886, ambaye vita ya kwanza ilitokea kwa ajili yake, jina lake halisemwi katika habari za maofisa.

Tena uasi haukwisha kwa kushindwa Waarabu. Ngongo Lutete, aliyewasaidia kushinda, alishitakiwa ukaidi, akahukumiwa na maofisa na kupigwa risasi Ngandu tarehe 15 Septemba 1893. Askari wake wakatiwa katika jeshi la Dola. Tarehe 4 Julai 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao watu wake, wakaasi na kumwua mkubwa wao Pelzer. Mwaka wa 1897 msafara mkubwa wa Dhanis, uliotoka huku kwetu kwenda Nili, ukaasi vilevile. Ndugu yake Dhanis akafa humo. Hawa hawakuwa wakubwa waliopoteza pembe. Walikuwa askari waliochoka kwa njaa, kwa mwendo na kwa fimbo. Padri Achte, wa Mapadri Weupe, alishikwa nao mwaka uleule. Alidhani atauawa, lakini walimwacha aende, wakamweleza mabaya waliyotendewa na maofisa. Hotspur na Sefu walipigania haki ya wakubwa. Hawa walikuwa karibu zaidi na wakulima wa Uingereza wa 1381, waliolemewa na kodi, wakaahidiwa uhuru na mfalme Richard mbele ya macho yao, na nyuma ya siku chache akaitangua ahadi.

Kwa Rashid na wenziwe, Dola haikufuta kila kitu. Karibu na mji iliwaacha wakubwa wengine wa Wangwana watawale vijiji kwa jina lake, sawasawa na Tippu Tip zamani. Katika mwaka uleule wa uasi wa 1897, Padri Gabriel Grison alifika, na siku ya Noeli akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Wakristo wa kwanza wa nchi hii walikuta amri ya mfalme, sultani wa Kingwana na askari wa Dola, wote katika njia moja. Tippu Tip alikuwa Unguja, mzee, akiandika maisha yake kwa Kiswahili. Alikufa huko mwaka wa 1905.