Kolokolo wa Taita: Ndege mdogo asiyepatikana kwingine duniani

KATIKA misitu ya milima ya Taita, nchini Kenya, kuna ndege mdogo ambaye aghalabu husikika kabla ya kuonekana. Huyu ni kolokolo wa Taita, aitwaye na wanasayansi Apalis fuscigularis. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau ndiye aliyempa jina hilo mwaka wa 1938.

Urefu wake ni takriban sentimita 12, mkia wake mrefu ukiwemo. Mgongo ni wa kijivu kilichokolea, koo na kifua ni vyeusi, ilhali tumbo ni jeupe. Jicho lake lina rangi hafifu, hivyo hung'ara katika uso huo mweusi. Asichanganywe na ndege mwingine mdogo wa misitu hiyo, mwenye mgongo wa kijani na pete nyeupe inayolizunguka jicho.

Kwa kawaida kolokolo huonekana wawili wawili, dume na jike, wakiitana kwa sauti kali ya kurudiarudia. Chakula chao ni wadudu, ambao huwadonoa katika majani na matawi ya vichaka vilivyo chini ya miti mirefu. Humo ndimo pia hujenga viota vyao.

Maisha hayo ya chini ndiyo yanayomponza. Msitu waweza kuonekana mzima kwa mbali, miti mikubwa ikiwa ingali imesimama, kumbe vichaka vyake vimemalizwa na mifugo na wanaotafuta kuni. Kwa kolokolo, msitu wa namna hiyo hauna chakula wala maficho. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa mahali pa miti ya kiasili haimfai vilevile.

Isitoshe, misitu iliyosalia ni vipande vilivyotenganishwa na mashamba na makazi. Kolokolo wa msitu wa Ngangao hawawafikii kwa urahisi wenzao wa Vuria, kilele kirefu zaidi cha milima hiyo. Ndiposa ndege huyu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia.

Kumwokoa hakuhitaji miujiza. Vichaka vikiachwa vikue, na miti ya kiasili ikapandwa kuunganisha vipande hivyo, atapata pa kuishi. Wakazi nao watanufaika, kwani misitu hiyo hiyo hunasa ukungu utokao Bahari Hindi na kulisha vijito wanavyovitegemea. Lakini akitoweka Taita, atakuwa ametoweka duniani.